Tunapima Presha, Tunasahau Mshipa

Jamii yetu ina mizani moja ya kupimia ugonjwa, nayo ni maumivu. Anayelia hupelekwa hospitali. Anayenyamaza huhesabiwa mzima. Mizani hiyo haiko mikononi mwa wagonjwa peke yao. Imo pia katika bajeti zetu, katika ratiba za zahanati zetu na katika namna tunavyopanga vipaumbele vya taifa: penye kelele ndipo zinapopelekwa fedha, penye ukimya panasubiri. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kimya kina mshindo mkuu, lakini onyo hilo tunalitumia zaidi katika magomvi ya majirani kuliko katika mambo ya afya. Leo nataka kulipeleka mahali ambapo, kwa maoni yangu, linastahili zaidi: nyuma ya jicho la binadamu, palipo na mshipa wa fahamu unaoweza kufa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila mwenye jicho kusema hata siku moja kwamba anaumwa.

Ndugu msomaji, silizungumzii jambo hili kwa mbali. Ninao ugonjwa huo. Kitaalamu unaitwa glakoma. Mitaani tumezoea kuuita presha ya macho. Uligunduliwa kwangu miaka saba iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 46, nilipokwenda kutafuta miwani ya kusomea kazi za wanafunzi. Nilisoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini kabisa bila kukosea, na kwa vipimo vya kawaida nilikuwa mtu mwenye macho mazuri. Lakini daktari kijana aliyekuwa zamu hakuridhika na herufi. Alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia ndani kwa taa yake, akanyamaza, akachungulia tena. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu, herufi unaziona vizuri, ila mshipa wa jicho la kushoto umeanza kuchimbika."

Neno hilo, kuchimbika, sijalisahau. Ili lieleweke, inafaa kwanza nieleze jicho linavyofanya kazi.

Ndani ya jicho, mbele ya lenzi, kuna maji safi yanayotengenezwa na kutolewa muda wote. Hayo si machozi. Hutoka kupitia kichujio chembamba kilichopo pembeni, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na sehemu yenye rangi. Kichujio kikianza kuziba, maji huchelewa kutoka na mgandamizo ndani ya jicho hupanda. Mgandamizo huo huenea jicho zima, lakini panapoumia zaidi ni kule nyuma, ambako nyuzi za mshipa wa fahamu hupinda na kupenya kwenye tundu dogo ili kutoka nje ya jicho na kuelekea kwenye ubongo. Nyuzi hizo ni takriban milioni moja au zaidi kidogo kwa kila jicho, na kila moja hubeba sehemu yake ndogo ya picha ya dunia. Zinapokufa, mahali zilipokuwa zimejaa hubaki shimo. Huko ndiko kuchimbika alikokusema daktari.

Waliokulia karibu na mashamba ya mkonge, kama mimi, wanaijua kamba ya katani. Nyuzi zake huweza kukatika moja baada ya nyingine, mzigo ukaendelea kuning'inia, na anayeitazama kwa mbali asione tofauti yoyote. Mshipa wa jicho ni hivyo hivyo. Mgonjwa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya nyuzi zake kabla ya kuhisi lolote, kwa sababu jicho moja humfichia mwenzake, na ubongo nao huziba mapengo kwa kukisia. Uoni wa katikati, ule tunaousomea herufi na kutambulia sura za watu, kwa kawaida huwa wa mwisho kuondoka. Hata hivyo mfano wangu una mahali unapokomea. Kamba iliyochakaa husokotwa upya. Uzi wa mshipa wa jicho ukishakufa haurudi, na mpaka leo hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kuurudisha.

Tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri, lakini ndani yake kuna faraja iliyojificha: kwamba hata ukizembea, ukuta bado unaweza kujengwa, ila kwa gharama kubwa zaidi. Katika glakoma faraja hiyo haipo. Ufa ndio nafasi pekee tuliyonayo. Ndiyo maana kuufananisha ugonjwa huu na mtoto wa jicho ni kosa linalogharimu macho ya watu wengi. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi. Mgonjwa akichelewa, mara nyingi bado anaweza kufanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi mpya na kuona tena. Wazee wetu wengi, wakiona giza linaingia polepole, husema wanasubiri "liive" ndipo waende hospitali. Kama kilichopo ni glakoma, kinachoiva katika kusubiri huko ni upofu.

Sasa nirudi kwenye jina tulilolipa ugonjwa huu, presha ya macho, kwa sababu jina nalo lina siasa yake. Tunapouita hivyo tunajifundisha kwamba adui ni presha, na kwamba presha ikishuka kazi imekwisha. Wataalamu wa karne ya 19 waliishikilia sana dhana hiyo. Mwaka 1857 Albrecht von Graefe, daktari wa Berlin, aliitangaza operesheni yake ya kukata kipande cha sehemu yenye rangi ya jicho ili kushusha mgandamizo, na kwa aina ya glakoma inayokuja kwa ghafla na kwa maumivu makali ilikuwa ukombozi mkubwa. Lakini baadaye ilidhihirika kwamba aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu haiji kwa ghafla wala kwa maumivu, na kwamba namba ya presha peke yake hudanganya. Wapo watu wenye presha iliyozidi 21, kiwango kinachohesabiwa mpaka wa juu wa kawaida, ambao mishipa yao hubaki salama kwa miaka mingi. Wapo wengine wenye presha ya 15 ambao mishipa yao inakufa.

Hilo nimelishuhudia katika mwili wangu. Baada ya kuhamishwa kikazi kwenda mji mwingine, nilihudhuria kliniki moja kwa muda wa miaka miwili. Kila baada ya miezi mitatu nilikalishwa mbele ya mashine, nikapulizwa hewa machoni, nikaandikiwa namba. Namba ilikuwa 17 au 18, na muuguzi aliniambia kwa furaha, "Hongera, presha yako nzuri." Nilipewa dawa ileile nikarudi nyumbani. Katika miaka hiyo miwili hakuna aliyenipanua mboni kuutazama mshipa, wala aliyenikalisha mbele ya kile kipimo ambacho mtu hutazama nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila aonapo mwanga mdogo ukimulika pembeni. Nilipoomba kipimo hicho niliambiwa kwamba hakihitajiki maadamu presha ni nzuri. Nilikwenda kukifanya kwingine kwa fedha zangu. Majibu yalionyesha kwamba jicho la kushoto limepoteza sehemu ya juu upande wa pua, eneo ambalo miaka miwili nyuma lilikuwa likiona.

Presha yangu ilikuwa nzuri kwa mujibu wa kitabu. Haikuwa nzuri kwa mshipa wangu. Daktari bingwa aliyenipokea baada ya hapo alinieleza jambo ambalo naona kila mgonjwa anastahili kuelezwa tangu siku ya kwanza: hakuna presha nzuri kwa watu wote, bali kila mshipa una presha unayoweza kuivumilia, na mshipa uliokwisha kuumia huvumilia kidogo zaidi. Aliniwekea lengo la chini ya 14, akaongeza dawa, na akasema lengo hilo litabadilishwa endapo mshipa utaonyesha dalili ya kuendelea kufa. Kwa maneno mengine, presha ni mpini wa jembe. Shamba ni mshipa. Anayesifu mpini bila kutazama shamba atavuna magugu.

Sisemi kwamba presha haina maana. Kinyume chake, kuishusha ndiyo njia pekee ya kuulinda mshipa ambayo hadi sasa imethibitishwa kwa ushahidi wa kutosha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 uliwafuatilia watu 1,636 waliokuwa na presha ya juu lakini mishipa yao ikiwa bado mizima. Baada ya miaka mitano, waliotumia dawa na kupatwa na glakoma walikuwa 4.4%, wasiotumia walikuwa 9.5%. Utafiti wa Sweden uliotolewa katika kipindi hichohicho ulionyesha kwamba kila kizio kimoja cha presha kinachoshushwa hupunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa takriban 10%. Upande wa pili, wanasayansi wamejaribu kutafuta dawa ya kuulinda mshipa wenyewe moja kwa moja. Memantini, dawa inayotumiwa kwa wagonjwa wa kusahau uzeeni, ilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 2,000 kwa miaka minne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikuzuia glakoma kuendelea. Nayasema haya kwa sababu simu zetu zimejaa matangazo ya vidonge, mafuta na majani yanayodaiwa "kusafisha macho" na "kurudisha nuru". Kama dawa iliyojaribiwa kwa uangalifu wote huo imeshindwa, chupa isiyo na jaribio lolote inapata wapi ujasiri wa kutuahidi nuru?

Ipo pia hatari iliyo karibu zaidi ya matangazo hayo, nayo iko kwenye duka la dawa la mtaani. Mtu akiwashwa na macho hununua matone bila cheti, na mara nyingi matone hayo huwa na steroidi, kama vile deksamethasoni. Mwasho hupoa siku hiyohiyo, naye huendelea kuyatumia kwa miezi au miaka. Kwa baadhi ya watu, steroidi hupandisha presha ya jicho na kuua mshipa huku jicho likionekana jeupe na zuri. Hata dawa halali za glakoma zinataka uangalizi. Timololi, ambayo ni ya bei nafuu na inapatikana zaidi, inaweza kumbana vibaya mgonjwa wa pumu, kwa sababu tone la machoni hushuka puani na kuingia katika damu. Ndiyo maana hufundishwa kufumba jicho na kubonyeza kona yake ya ndani kwa dakika moja au mbili baada ya kutia dawa. Ni maelekezo ya nusu dakika. Nimekutana na wagonjwa wenzangu waliotumia dawa hiyo miaka mitano bila kuyasikia.

Nchi yetu haiwezi kudai kwamba haikujua. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma. Katika watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea waliopimwa, zaidi ya 4% walikuwa na glakoma. Kongwa hiyohiyo ilijulikana duniani kwa tafiti za vikope, ugonjwa unaouma, unaowasha na unaoonekana kwa kila mtu. Vikope vilipata kampeni, dawa na vyoo, na ilikuwa haki. Glakoma, ambayo haiumi, ilibaki katika majarida ya kitaalamu. Hapo ndipo ile mizani ya maumivu inapofanya kazi yake.

Wala ufumbuzi hautafutwi mbali. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwalinganisha wagonjwa waliotumia timololi na wale waliotibiwa kichujio cha jicho kwa mwanga wa leza, tiba ya dakika chache ambayo mgonjwa huondoka kwa miguu yake siku hiyohiyo. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa kwa 61% ya macho yaliyopigwa leza, dhidi ya 31% ya macho yaliyotiwa timololi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Sababu haihitaji shahada kuielewa: dawa ya matone inataka fedha kila mwezi, duka lenye dawa, mkono usiotetemeka na kumbukumbu ya kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa ambao mgonjwa hausikii. Leza haimwulizi mtu kama mavuno yalikuwa mazuri. Haiwafai wote, na nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita, lakini inaonyesha kwamba tiba bora ni ile inayolingana na maisha halisi ya mgonjwa. Sasa kwa kuwa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, swali langu kwa wanaoandaa kitita cha mafao ni jepesi: je, kuutazama mshipa kabla haujalalamika kutahesabiwa kuwa tiba, au kutaachwa kama anasa ya wenye nacho?

Swali hilo kwangu si la kinadharia, kwa kuwa lina sura ya mdogo wangu. Sisi tumezaliwa watatu. Ndugu wa damu wa mgonjwa wa glakoma wako katika hatari mara kadhaa kuliko watu wengine, kwa hiyo mara tu nilipothibitishiwa niliwapigia simu wote wawili. Dada yetu alikwenda kupimwa wiki iliyofuata na mishipa yake ikakutwa mizima. Hupimwa tena kila mwaka. Mdogo wetu ni dereva wa lori la masafa marefu. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, nakuheshimu. Ila nikipimwa nikaambiwa ninayo, tajiri atanipa gari?" Nikamweleza kwamba ugonjwa ukikutwa mapema anaweza kuendesha mpaka anastaafu, na kwamba wasiojipima ndio hatari barabarani. Akanijibu, "Hayo unayajua wewe na daktari. Tajiri anajua neno moja tu: kipofu."

Nimefundisha darasani zaidi ya miaka 20 na sikuwa na jibu la haraka kwa hoja hiyo, kwa sababu ni hoja ya kweli. Mdogo wangu si mjinga wala si mwoga. Anafanya hesabu ileile anayofanya mtu yeyote mwenye watoto wanne wanaosoma. Tumejenga utaratibu ambamo anayejua mapema hupoteza kazi leo, na asiyejua hupoteza macho kesho. Kisha tunashangaa kwamba watu wanachagua kesho. Elimu ya afya peke yake haiwezi kuuvunja utaratibu huo. Kinachoweza kuuvunja ni kanuni inayomlinda mfanyakazi aliyepimwa na anayeendelea na tiba, asiondolewe kazini maadamu uwanja wake wa kuona unatosha, na upimaji wa madereva usioishia kwenye ubao wa herufi, ambao mgonjwa wa glakoma anaweza kuusoma wote akiwa amekwisha kupoteza nusu ya pembeni.

Tumeendelea kuzungumza. Mwezi uliopita alikubali sharti moja: apimwe mbali na njia anazopita wenzake, na majibu yake ayajue yeye na mimi tu. Nimempatia miadi. Kama atafika au gari litakuwa safarini Tunduma siku hiyo, hilo sitaliahidi hapa.

Kwa msomaji aliyefikisha miaka 40, au mwenye mzazi, kaka au dada aliyepofuka polepole bila maumivu, nina ombi fupi. Ukienda kupima macho usiridhike na herufi wala na namba. Uliza mambo matatu: mshipa wangu ukoje, uwanja wangu wa kuona ukoje, na ukilinganisha na mwaka jana kuna tofauti gani. Daktari mwema hatachukia kuulizwa. Na ukiwa na nafasi ya kuamua jambo, iwe katika halmashauri, katika kampuni ya magari au katika kamati ya bima, jiulize ni watu wangapi chini yako wananyamaza si kwa sababu ni wazima, bali kwa sababu umewafundisha kwamba kusema kuna gharama.